Sahihi Mbili

Duka lilikuwa la miwani, naye ndiye aliyekuwa fundi wake. Wateja walimjua mzee mwenye duka, aliyekaa mbele akiwapima macho kwa herufi za ukutani na kuwatania. Yeye hawakumwona. Alikuwa nyuma ya pazia, kwenye chumba cha hatua nne kwa tano, pamoja na mashine ya kunolea lenzi iliyochuruzika maji kutwa nzima na visanduku vya skrubu ndogo kama chembe za mchanga. Lenzi iliingia kwenye mashine ikiwa mviringo, ikatoka na umbo la fremu. Ikizidi unywele mmoja, haiingii. Ikipungua unywele mmoja, inadondoka mteja akiinama kufunga kiatu. Kwa miaka saba lenzi alizoziharibu zilikuwa za kuhesabika, ndiyo maana kila mtu, mumewe akiwemo, alimwita Fundi.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, na watu walimwita Breki. Wanafunzi wake ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hakukuwa na neno alilolipigia kelele zaidi. Alikuwa mrefu, magoti yake yakigonga dashibodi ya gari la shule, na mdomo wake haukujua likizo. Siku aliyomtamkia Fundi kwamba anataka kumwoa, alimwambia, "Mimi kutwa nzima niko na watu wanaotaka kuniua bila kukusudia. Nikirudi nyumbani nataka mtu mwenye mikono iliyotulia." Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Wakaoana. Mwezi wa tano wa ndoa yao, Fundi akiwa bafuni, mikono yake hiyo iliyotulia ikakuta kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama punje ya harage chini ya ngozi.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Daktari wa saratani alikuwa mtu wa haraka, si kwa ubaya, bali kwa sababu benchi la nje lilikuwa limejaa. Aliwaeleza kwamba dawa za kemo zitatangulia, kisha upasuaji, kisha mionzi, kisha vidonge vya miaka mitano. Kemo ianze baada ya wiki tatu, isichelewe zaidi. Breki aliuliza maswali kumi na yote yalikuwa swali moja: atapona? Fundi hakuuliza kitu. Walipokuwa wanatoka, muuguzi aliyekuwa akipanga mafaili mlangoni akamshika kiwiko.

"Dada, mna watoto?"

"Bado."

"Daktari amekuambia habari ya mayai?"

"Mayai gani?"

Muuguzi alifunga mlango. "Hizi dawa hazichagui. Zinakiua kile kibaya, lakini na mayai yako ya uzazi yanaweza kwenda nazo, na yakienda hayarudi. Kuna kliniki wanayatoa kabla, wanayagandisha, yanakusubiri. Lakini inachukua kama wiki mbili, na wewe una tatu. Nenda leo. Usiseme kesho."

Walikwenda siku hiyohiyo, Fundi akiwa bado na kipande cha pamba cha kupimwa damu mkononi.

Daktari wa uzazi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na miwani yake ilikaa upande. Mkono mmoja wa fremu ulikuwa umelegea, kwa hiyo kila alipoinamia karatasi alilazimika kuisukuma kwa kidole. Alieleza kila hatua: sindano za tumboni kila jioni kwa siku kumi hivi, ili mayai yakomae mengi kwa mpigo, kisha kuyatoa Fundi akiwa usingizini, kisha baridi kali. Fundi alisikia, lakini macho yake hayakutoka kwenye ile miwani. Mwishowe alinyoosha mkono.

"Daktari, nipe miwani yako."

Daktari alishangaa, akaivua. Fundi alitoa bisibisi ndogo kwenye mkoba, akakaza skrubu, akaupinda mkono wa fremu taratibu kwa vidole gumba viwili, akaifuta na kuirudisha. Ilikaa sawasawa. Ndipo akaanza kulia. Breki, kwa kukosa la kufanya, akampiga daktari begani na kusema, "Huyu ndiye mke wangu."

Machozi yalipokauka, daktari akaendelea. Kulikuwa na njia mbili. Wangeweza kugandisha mayai peke yake, au wayaunganishe na mbegu za mume maabarani, vipatikane viinitete, ndipo vigandishwe. Viinitete vilikuwa vikistahimili baridi vizuri zaidi.

"Lakini niwaambie wazi," alisema, akimtazama Fundi tu. "Mayai ni yako. Hata iweje, ni yako. Kiinitete ni chenu wawili. Kukitengeneza ni sahihi mbili, na kukitumia ni sahihi mbili nyingine. Mmoja wenu akikataa, hakiguswi. Watu wengine hugawa: nusu wanaacha mayai, nusu viinitete. Nawashauri mfikirie hilo."

Walitoka kwenye ukumbi wa nje kufikiri. Palikuwa na viti vya plastiki na picha ya maua ukutani. Breki alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Nusu ya nini?" alisema. "Ya siku tutakayoachana?"

"Sikusema hivyo."

"Daktari kasema. Hatujamaliza hata mwaka, mke wangu. Wewe unaumwa, mimi niko hapa, halafu tunaweka akiba ya kuachana?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeumizwa kwenye jeraha ambalo hakujua analo. "Kama unaona nitakukimbia, niambie sasa hivi."

Fundi alimtazama mume wake, magoti yale yaliyojaa njia nzima, mikono ile mikubwa. Aliona kwamba hana kingine cha kumpa siku ile ila kumwamini. Walirudi ndani, akamwambia daktari, "Yote tuunganishe." Daktari alisukuma miwani yake kwa mazoea, ingawa haikuwa imeteremka, akawapa kalamu.

Breki mwenyewe ndiye aliyemchoma sindano, kila saa moja jioni, kwenye meza ya chakula. Siku ya kwanza sindano ilibaki hewani mpaka Fundi akamwambia, "Achia klachi, baba, gari lizime basi." Baada ya hapo alizoea. Ikawa Fundi akipiga kelele "Breki!" sindano ikiingia, na jirani wa juu hakuwahi kujua wale watu wanacheka nini kila jioni saa moja.

Yalitoka mayai kumi na moja. Manane yalikubali kuungana na mbegu. Siku ya tano mtaalamu wa maabara alipiga simu kusema vilivyofikia hatua ya kugandishwa ni sita. Breki alizunguka nyumba nzima na simu mkononi, akivipa majina: Gia ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, ya Nne, ya Tano, na wa mwisho, Rivasi. "Huyo ndiye atakayetusumbua," alisema. "Kila kitu atafanya kinyumenyume." Fundi alikuwa amejilaza na tumbo lililojaa, akamwomba aache, kucheka kulimuuma. Jumatatu iliyofuata alianza kemo.

Ya kemo hayana haja ya kusimuliwa yote. Nywele zilitoka siku moja bafuni, na dada yake, muuza vitambaa mwenye ulimi mkali na moyo laini, akamletea vilemba kumi na viwili vya kila rangi. Kucha zikawa nyeusi, vidole vikafa ganzi, na kwa miezi minane hakuweza kushika skrubu. Mzee mwenye duka hakumwajiri mwingine. Aliwaambia wateja mashine ni mbovu. Titi liliondolewa. Mionzi ikamchoma ngozi. Akapona. Daktari yule wa haraka safari hii hakuwa na haraka, alimshika mkono na kuusema ule ujumbe mara mbili. Zilibaki dawa za vidonge, na kusubiri miaka mitano kabla ya kufikiria mimba. Hedhi yake haikurudi tena.

Wangeweza kusubiri, na walisubiri. Lakini kitu fulani kilikuwa kinalika polepole humo ndani, na hakuna aliyekiona kikianza. Breki akawa mtu wa kusikiliza. Fundi akikohoa, anasimama. Fundi akichelewa bafuni, anagonga. Mizaha ikapungua, kisha ikaisha. Alihamia kwenye kochi ili asimuumize kidonda usingizini, na kidonda kilipopona akaendelea kulala kwenye kochi. Walizungumza habari za vidonge, za tarehe ya kipimo, za gesi imeisha. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na kosa ambalo mtu angelishika na kusema, hili hapa. Mwaka wa tatu wa vidonge, mezani, Breki aliweka kijiko chini na kusema, "Kila nikikutazama naogopa. Nimechoka kuogopa. Nisamehe." Alilia kuliko Fundi. Fundi alimsaidia kukunja mashati na kuyapanga kwenye sanduku.

Miaka miwili baadaye vidonge viliisha. Fundi alikuwa na miaka thelathini na mitano, mwili wake ulikuwa safi, na daktari wa saratani akasema, kama ana mpango wa mtoto, sasa anaweza. Alimchukua dada yake wakaenda kliniki. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kuvaa gauni la rangi ya machungwa.

Daktari wa uzazi alifungua faili, akasoma, akalifunga, akalifungua tena.

"Mumeo yuko wapi?"

"Tumeachana, ila kwa wema. Nitamlea mwenyewe. Nina kazi, nina dada."

"Naelewa. Ile sahihi yake ya kwanza ilikuwa ya kutengeneza na kuhifadhi. Ya kupandikiza ni nyingine. Lazima aje."

"Atakuja," Fundi alisema, na aliamini.

Alimkuta kwenye uwanja wa shule ya udereva, kati ya koni za plastiki, akimwelekeza mama mmoja aliyekuwa akirudi nyuma kama mtu anayeogopa ukuta. Breki alimwona, akamruhusu yule mama apumzike. Akamfungulia Fundi mlango wa gari, wakakaa ndani, yeye kwenye kiti cha mwalimu kwa mazoea, kile chenye pedali zake za ziada, Fundi nyuma ya usukani. Breki alikuwa ameongezeka mwili. Alikuwa na pete mpya. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na kofia ya mtoto mchanga, na Fundi alijitahidi asiitazame.

Alimweleza. Alieleza kwa utaratibu kama alivyokuwa amejipanga: hatadai chochote, hatamwita, jina lake halitaandikwa popote.

Kioo cha mbele kikaanza kuingia mvuke.

"Unamjua baba yangu," alisema.

"Namjua."

"Kaishi mitaa miwili kutoka kwetu maisha yake yote. Nilikuwa nakutana naye dukani ananipita kama mti. Mama yangu alimwambia maneno hayohayo uliyoniambia. Sitakudai chochote. Sitakuita. Akaona ni sawa." Alifuta kioo kwa kiganja. "Niliapa, Fundi. Sitakuwa na mtoto mahali ambaye simwamshi asubuhi."

"Basi uwe unakuja. Umwamshe. Sikukatazi."

"Nina mke. Nina mtoto wa miezi mitatu. Nitakuja vipi?"

"Breki, mimi sina wengine. Hakuna mayai mengine. Ndiyo hao sita tu." Alishika usukani kwa mikono miwili. "Wewe ndiye uliyewapa majina."

"Nilikuwa namchekesha mgonjwa," alisema Breki, kwa upole kabisa, na neno hilo ndilo ambalo Fundi hakuweza kulisahau baadaye. Mama mwanafunzi aligonga dirisha kuuliza kama wataendelea.

Dada yake Fundi alikwenda kivyake. Alimfuata Breki kwake, akasimama uani, akamwita shemeji kwa sauti ya kusikika mtaa mzima na kumwambia yote ambayo mdogo wake hakuyasema. Breki alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea kiti, akakataa. Wakili waliyemwendea naye aliwasomea ile fomu. Alikuwa kijana mpole, akisoma kwa kidole. "Hapa mlielezwa," alisema. "Na hapa ukasaini." Fundi aliitambua sahihi yake, mstari wake wa chini ukiwa umenyooka, sahihi ya mtu aliyekuwa na haraka ya kumridhisha mwenzake.

Kisha ikaja barua ya kliniki. Breki alikuwa ameandika rasmi kwamba anaondoa ridhaa yake. Kwa kanuni zao, viinitete vingewekwa miezi kumi na miwili, ili kama kuna wa kubadili mawazo abadili. Baada ya hapo vingeondolewa kwenye baridi.

Miezi hiyo Fundi alichapa kazi kama anayefukuzwa. Mwezi wa nane wa kusubiri, pazia lilisogezwa na Breki akaingia, akainama asigonge kichwa mlangoni. Hakukaa.

"Nimejaribu," alisema. "Nimekaa na ile karatasi ya ridhaa na kalamu, kweli. Nimekaa mara tatu. Mkono unakataa. Nimeona nije nikuambie mwenyewe, usije ukadhani nimesahau."

Lenzi iliyokuwa kwenye mashine ikaendelea kunolewa, ikapita kipimo, ikapasuka. Fundi alizima mashine. Alitaka kumwambia toka, alitaka kumwambia kaa. "Mtoto wako hajambo?" aliuliza. Breki aliitikia kwa kichwa, akaondoka, na mzee mwenye duka akaja kimya akaokota vipande vya kioo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Kliniki walimpigia simu mapema kumuuliza kama anataka kuwepo, maana wengine hawataki hata kujua tarehe. Akasema anataka. Dada yake alibaki kwenye vile viti vya plastiki. Mtaalamu wa maabara alimpa joho na mifuko ya buluu ya kuvalia viatu, akamwongoza. Daktari wa uzazi naye alikuja, akasimama pembeni.

Tangi lilikuwa la chuma, kimo cha kiuno, kama chombo cha kubebea maziwa. Kifuniko kiliponyanyuliwa moshi mweupe ulimwagika pembeni mpaka sakafuni. Mtaalamu alitoa mirija sita kwa koleo, myembamba kuliko ujiti wa kiberiti, kila mmoja na namba, tarehe, na herufi za kwanza za majina mawili. Alizisoma namba kwa sauti, daktari akazilinganisha na faili. Kisha mtaalamu akaipanga mirija kwenye sinia, juu ya meza ya kawaida, chini ya taa ya kawaida.

"Sasa?" Fundi aliuliza.

"Basi. Joto la chumba linatosha."

"Inachukua muda gani?"

"Dakika chache. Baada ya hapo haiwezekani tena."

Alisogea. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuona vitu vidogo, dosari ambayo mwingine hawezi kuiona hata ukimwonyesha, lakini pale hapakuwa na cha kuona. Ukungu uliokuwa umeigandia mirija ukawa matone, matone yakashuka kwenye sinia. Hakuna kilichosogea. Hakujua ni dakika gani ilikuwa ndiyo yenyewe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba ilipita akiwa anatazama na hakuijua.

"Uliniambia niache nusu," alisema bila kugeuka.

"Nilikuambia," daktari alijibu.

"Kwa nini hukunilazimisha?"

Daktari alifunga faili. "Nilikuona unavyomtazama," alisema. "Nikasema moyoni, huyu anajua anachofanya."

"Nilijua," Fundi alisema. "Nilijua kabisa."

Alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Nje, dada yake alisimama na mikono wazi, lakini Fundi alipita kando yake na kuendelea kutembea, hivyo dada akamfuata nyuma hatua mbili, mkoba mkononi. Walifika barabara kubwa. Dada alianza kusema Mungu ana mipango yake, na Fundi akamwambia, "Dada, nakuomba. Leo hapana."

"Unataka kula?" dada aliuliza.

"Nataka kulala."

Nyumba ya dada ilikuwa jirani. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa majora ya vitambaa mpaka dirishani, kwa hiyo Fundi aliingia kwenye chumba cha binti wa dada yake, wa darasa la tatu, aliyekuwa bado shuleni. Alijilaza kwenye kitanda kile kifupi, miguu ikining'inia, akageukia ukuta. Ukutani palikuwa na mistari ya penseli ya kupimia urefu, kila mmoja na tarehe yake. Aliisoma yote, kutoka chini kwenda juu. Kisha akalia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia hospitali wala mezani mbele ya Breki wala mbele ya wakili, na dada yake akasimama nyuma ya mlango akisikiliza, asijue kama aingie.

Alipolala, alilala kweli. Saa tisa alasiri mtoto alirudi, akatupa begi, akakuta mtu kitandani kwake. Alimtazama kwa muda. Akachuchumaa miguuni, akaanza kufungua kamba za viatu, taratibu, moja baada ya nyingine.

"Mama mdogo," alinong'ona, "umelala na viatu."

Fundi alifumbua macho. Alimwachia mguu.